Madanzi Sitini na Manne

Jumatatu, 7 Julai. Asubuhi ukungu mwepesi, jua hafifu kama taa iliyo nyuma ya pazia. Upepo hakuna.

Jambo kubwa lilitokea jana. Naliandika leo kwa sababu jana nilikuwa nimeduwaa. Mama mkwe ametangaza kwamba kifundo cha mkono hakimruhusu tena kukoroga. Miaka yote amepika mamaledi, ile jemu ya machungwa na maganda yake, katika sufuria yake ya shaba, ile kubwa inayoning'inia jikoni kwake kama jua lililosahau kutua. Sasa anaitoa. Ataipata mmoja wa wawili: mimi, mke wa mwanawe, au wifi yangu, binti yake. Jumamosi saa nne asubuhi kila mmoja apeleke chupa moja. Atakayepika vizuri zaidi ataondoka na sufuria.

Wifi alicheka, akasema basi aanze kutafuta chupa. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimekaa.

Na hapo ndipo penyewe. Miaka kumi na moja nimeolewa katika familia hii, na kila nikiingia jikoni kwa mama mkwe napewa kiti. Kaa, mwanangu, pumzika. Wifi anamenya, wifi anakoroga, wifi anaonja na kutoa maoni. Mimi nimekaa, mkoba magotini, kama mtu anayesubiri kuitwa na daktari. Kiti cha jikoni ni cha mgeni. Lakini nani atamwambia mwenye sufuria akae?

Nimeandaa mpango wenye vifungu vitatu.

Kifungu cha kwanza ni elimu. Maktabani kwetu, ambako mimi ni karani wa rafu, kuna kitabu kimoja tu cha kuhifadhi matunda. Jalada la kijani. Wifi ana kadi ya maktaba. Kwa hiyo nimekiondoa mahali pake na kukificha nyuma ya majuzuu ya takwimu za mvua, ambayo hayajaulizwa na mtu tangu niajiriwe. Nitakisoma Alhamisi, kwa utulivu.

Kifungu cha pili ni malighafi. Kesho.

Kifungu cha tatu bado sikijui, ila mpango wa vifungu viwili unaonekana kama umekatwa mguu.

Mume wangu ni fundi saa na huongea kama mtu anayeogopa kumaliza sekunde za wenzake. Ameuliza kwa nini natabasamu. Nimesema ni ukungu. Nimelala saa tatu na dakika hamsini.

Jumanne, 8 Julai. Jua. Mawingu machache meupe, yanakwenda taratibu kama watu waliostaafu.

Sokoni kabla ya kazi. Yule muuza matunda wa pembeni tunamwita Bwana Mizani, kwa sababu hagombani na wateja, hugombana na mizani yake. Alikuwa na machungwa ya kawaida, machenza, mabalungi, na kikapu kimoja cha madanzi, yale machungwa machungu yenye ganda nene lenye vijipele. Danzi ndilo linalotoa mamaledi ya kweli. Hilo kila mtu analijua, hata wifi. Nimenunua kikapu kizima. Madanzi sitini na manne! Soko zima hakuna jingine. Nimelizunguka mara mbili kuhakikisha.

Bwana Mizani aliniuliza kama najua hayaliwi hivi hivi. Nikasema najua. Ya nini, basi? Nikafikiri haraka, nikasema ya kusugulia sakafu. Akasema pole, mama, hiyo sakafu lazima imepitia mengi.

Nimechukua pia machenza kumi na mawili na mabalungi manne, kwa ajili ya utafiti. Machungwa ya kawaida nimemwachia wifi. Sina roho mbaya.

Jioni niliyamwaga yote mezani. Yakabingirika, yakagongana, yakatulia. Nikakaa nayo. Jua la mwisho lilikuwa linaingia dirishani, na jikoni pakageuka rangi: kuta, birika, mikono yangu. Nilijiona nimesimama katika jiko jingine, mbele ya sufuria ya shaba, na watu wamekaa kwenye viti nyuma yangu, mikoba magotini, wanasubiri nionje. Nilionja. Nikasema bado kidogo. Wakakubali.

Nilikusudia kukaa dakika tano. Mume wangu aliporudi na kuuliza kuhusu chakula ilikuwa imepita saa moja na nusu. Tumekula mkate na mayai.

Jumatano, 9 Julai. Umande mzito. Kioo cha dirisha kimelia machozi hadi saa tatu.

Nimeota. Niko ndani ya sufuria ya shaba, ni chumba, kina kitanda na dirisha dogo lenye pazia. Kuta zina joto kama mkate. Mama mkwe anagonga kifuniko, anauliza kama nipo. Nataka kujibu lakini mdomo umejaa sukari. Anagonga tena, polepole, halafu anasema haya, pumzika, anaondoka. Nimeamka na kiu.

Nimeomba ruhusa ya nusu siku. Nimemwambia mkutubi mkuu ni dharura ya kifamilia, na ni kweli.

Mchana wote nimekata madanzi. Mimi nafanya kazi kwa usafi. Mbegu zote nimetoa, moja moja, kwa ncha ya kisu. Ule utando mweupe wa ndani nao nimeukwangua wote. Hivyo si vitu vya kumwekea mama mkwe mezani. Mbegu za danzi ni nyingi ajabu. Ndoo ilijaa karibu nusu. Zina utelezi. Nikiacha mkono ndani kidogo, unatoka umevaa kitu kama ute wa yai. Kuchafua mikono tu.

Saa kumi, hodi. Wifi! Ni mshonaji, na alikuwa na nyuzi za bluu kwenye mkono wa gauni, sindano imechomekwa kifuani kama nishani. Nilitupa shuka juu ya meza lakini madanzi mawili yalidondoka na kwenda kumlaki mlangoni. Akayaokota. Akasema amepita kuulizia hali ya sakafu, maana Bwana Mizani amemwambia ni mgonjwa sana. Nikasema inaendelea vizuri. Akaitazama, akasema kweli imepata nafuu.

Halafu akaiona ndoo.

"Wifi, hizi mbegu unazitupa?"

Nikasema ndiyo, natupa.

"Basi nipe mimi."

Nikampa. Mbegu, utando, ndoo yenyewe. Ameshukuru mara mbili! Nilisimama mlangoni nikimtazama akivuka barabara na ndoo ya takataka kiunoni, anaimba. Nilimwonea huruma kidogo. Ana moyo mzuri, wifi yangu. Shida ni mipango.

Jioni nimepika Chupa Na. 1, danzi tupu. Ili kuokoa muda nilitia sukari mwanzoni kabisa, pamoja na maganda. Rangi nzuri. Ila maganda yamekuwa magumu kama mkanda wa saa. Hayo ni maneno ya mume wangu, ambaye anaijua mikanda. Alitafuna kipande kimoja tangu mwanzo wa taarifa ya habari hadi hali ya hewa. Nilipomwuliza ladha, akaonyesha kwa kidole kwamba bado hajafika. Rojo lenyewe limekataa kuganda. Nimelala saa nne kamili.

Alhamisi, 10 Julai. Mawingu ya kijivu, yamekaa chini. Joto.

Siku ya elimu. Nimefika maktabani mapema nisome kitabu cha kijani. Hakipo.

Yaani kipo. Nilikificha mimi mwenyewe. Sikumbuki wapi. Nimetafuta kwenye mapishi, kilimo, afya, dini na michezo. Nimetafuta kwenye kabati la ndoo na mafagio. Mkutubi mkuu aliniuliza natafuta nini. Nikasema naangalia vumbi. Akanipa kitambaa. Nimefuta rafu kumi na nane.

Ningeweza kufungua kurasa za nyuma za shajara hii nione kama niliandika. Lakini shajara huandikwa, haisomwi. Ni kanuni niliyojiwekea nikiwa kidato cha pili, na sijawahi kuivunja.

Saa saba, aliyeingia ni nani? Wifi, na kadi yake. Anataka kitabu cha kuhifadhi matunda. Nikavaa uso wa kazi, nikamjulisha kwamba kimeazimwa na msomaji anayesoma polepole sana. Akasema si neno, jioni atapita kumwuliza Mama.

Kumwuliza Mama! Kumwuliza mwamuzi mwenyewe! Sikujua kama inawezekana. Miaka kumi na moja nimekaa kwenye kile kiti na sijawahi kumwuliza chochote, nisije nikaonekana sijui.

Jioni nimepika Chupa Na. 2, machenza. Harufu ilitanda hadi kwenye mashati ya mume wangu yaliyo kabatini. Nyepesi, tamu, ina kitu cha utotoni ndani yake, kama chumba ambamo mtu ametoka kulala. Lakini rojo haligandi. Limelala tu chupani, limelegea, halina nia.

Chupa Na. 3, mabalungi. Hapa kosa si langu. Nilikuwa nimesimama na mwiko, nakoroga vizuri kabisa, mara taa za mtaani zikawaka, na Chupa Na. 2 iliyokuwa dirishani ikashika mwanga. Ukutani pakatokea doa la rangi ya chungwa, linatetemeka. Likawa dirisha. Nikalitazama. Kwa ndani niliona rafu ndefu, chupa mia, zote zimegandishwa na mkono wangu, na mama mkwe anawaambia wageni kwamba hizi zimepikwa na mwanangu. Wageni wakauliza yupi. Akasema yule aliyesimama.

Sufuria ilipoanza kunuka moshi mume wangu alikuwa ameshafungua madirisha yote. Mabalungi yameungua. Sufuria nimeiloweka. Na yeye nimemloweka kwa maswali hadi akakubali kwamba moto wa jiko hili haueleweki.

Ijumaa, 11 Julai. Mvua ya ghafla alfajiri, kubwa, mabati yote ya mtaa yanapiga makofi. Ningependa kujua kama Julai imewahi kunyesha namna hii, lakini sina muda wa kupekua takwimu.

Kitabu bado. Rafu nyingine kumi na mbili nimefuta. Mkutubi mkuu anasema hajawahi kuona ari kama hii.

Jaribio la mwisho. Nimeamua kuchanganya: madanzi yaliyobaki, machenza matatu, balungi moja lililonusurika, na limau moja lililokuwa peke yake kwenye bakuli, likaniangalia. Safari hii nimechemsha maganda kwanza hadi yakalainika, kwa sababu mume wangu amesema jino linamcheza. Yote yamefanyika kwa usafi. Hakuna mbegu hata moja.

Kipimo nakijua. Nimekiona kutoka kwenye kiti miaka kumi na moja. Unadondosha tone kwenye kisahani baridi, unangoja, unalisukuma kwa kidole. Likikunja uso kama utando wa maziwa, tayari.

Nimedondosha. Tone likakimbia hadi ukingoni na kuruka. Nimechemsha nusu saa nyingine. Limekimbia. Nimeongeza sukari. Limekimbia tamu zaidi. Saa mbili mfululizo matone yangu yametoroka, yote kwa upande mmoja, kama yamepeana habari.

Lakini rangi! Na harufu! Nilifumba macho juu ya mvuke na kila tunda lilipita kwa zamu na kunisalimia. Danzi kwanza, na ukali wake. Chenza likicheka. Limau nyuma kabisa, limefunga mlango taratibu.

Nimetia chupani. Nikiinamisha, linainama nami. Hapo ndipo kifungu cha tatu cha mpango kilipojileta chenyewe: maelezo. Nimeandika lebo kwa mwandiko wangu bora wa maktabani: MAMALEDI YA KUMIMINA. Mume wangu ameisoma mara mbili, akasema hii ni sharubati. Nimemwambia ni mtindo mpya. Akasema sawa, akatafuta glasi.

Nimelala saa tatu na nusu, nimeshiba mvuke.

Jumamosi, 12 Julai. Anga imeoshwa. Kila jani lina tone lake.

Nimefika kwa mama mkwe saa nne kasoro dakika tano. Wifi alikuwa ameshafika, anakata mkate. Mama akasema karibu mwanangu, kaa. Nikakaa. Sufuria ilikuwa ukutani, imesuguliwa kwa ajili ya siku yenyewe, na uso wangu ulikuwa ndani yake, mpana, wa shaba, kama wa malkia aliyeishiwa usingizi.

Chupa ya wifi kwanza. Mama aliipindua juu chini. Hakuna kilichotikisika. Maganda yalikuwa yameelea ndani kama samaki wadogo waliosinzia. Alipaka kwenye mkate, akala, akafumba macho. Kisha akauliza ni machungwa gani. Wifi akasema ya kawaida, soko halikuwa na madanzi. Wote wawili hawakunitazama, na hawakunitazama kwa makusudi kabisa. Mama akasema machungwa ya kawaida hayashiki hivi. Nguvu imetoka wapi?

"Kwa wifi," akasema wifi. "Alinipa ndoo nzima ya mbegu za danzi na ule weupe wake. Nikavifunga kwenye kitambaa, nikachemsha humo humo."

Mama mkwe akageuka kwangu. Akauliza kama ni kweli nilimpa. Nikasema ndiyo. Akauliza kwa nini. Nikasema kwa usafi.

Alicheka hadi akashika meza. Wifi naye akaangua kicheko. Nilitazama mkoba wangu.

Halafu chupa yangu. Alisoma lebo kwa sauti, herufi kwa herufi, kama anayesoma hukumu. Hakuhitaji kisu. Alimimina kidogo kwenye kijiko, akaleta puani. Akanusa tena. Akampa wifi anuse. Wifi akasema, jamani, wifi. Basi, hivyo tu.

Mama akaonja. Akakaa na ile ladha muda mrefu. Nje kulikuwa na mtu anafagia majani yenye maji, na ufagio ulikuwa unasema kitu kile kile.

"Mimi nimepika miaka arobaini," akasema, "na harufu hii sijawahi kuipata. Lakini inakimbia, mwanangu. Mbegu ndizo zinazogandisha. Kwa nini hukuniuliza?"

Nilipitia mpango wangu kichwani. Kifungu hicho hakikuwamo.

Aliishusha sufuria kwa mkono mzima, akampa wifi. Nilijua. Hata hivyo kitu kilizama ndani yangu, polepole, kama ganda lililolowa. Nikaanza kutafuta kamba ya mkoba ili niage kwa heshima. Mama akanyoosha mkono tena ukutani na kutoa mwiko. Ule mrefu, mweusi, uliolika upande mmoja kwa sababu ya mkono wake. Akaniwekea mapajani.

"Huyu ana sufuria na mikono mifupi. Wewe una pua na mikono mirefu. Msiniletee tena chupa mbili, nimechoka kuonja ugomvi. Haya, toka kwenye kiti. Maji yanachemka."

Tukapika pale pale, machungwa ya wifi na kitambaa cha mbegu zilizobaki. Wifi anakata, mimi nakoroga. Mama alikaa. Kwenye kiti kile. Sijui nilikoroga muda gani. Mvuke ulijaza dirisha hadi mtaa ukapotea, tukabaki sisi watatu ndani ya kitu chenye joto. Wifi alikuwa anasimulia kuhusu mteja aliyetaka gauni lirefushwe na lifupishwe kwa pamoja. Ghafla mapovu yakabadilisha sauti, yakawa mazito, kama mtu anayekaribia kusema jambo. Nikasema, bado kidogo. Mama akasema, ndiyo, bado kidogo.

Tone halikukimbia. Nimerudi nyumbani na mwiko kwapani.

Jumapili, 13 Julai. Kumetulia, kuna joto. Kipepeo mmoja dirishani, kwenye Chupa Na. 2.

Nimetafakari kwa utaratibu. Kwanza: nimeshinda. Sufuria bila mwiko ni beseni. Wifi hawezi kupika hata kijiko kimoja bila kuja kwangu, na anajua, ndiyo maana jana alinikumbatia mlangoni.

Pili: habari ya mbegu. Mama ameisema, wifi ameisema, na leo mume wangu naye ameisema bila kuulizwa. Watu watatu, neno lile lile. Ni wazi wamepatana. Mamaledi ya jana iliganda kwa sababu ya shaba. Mbegu sitazigusa. Nikipata nyingine nitampa wifi, azibebe.

Tatu, na hili naliandika lisisahaulike: jana nimesimama muda wote, miguu inaniuma hadi sasa, na hakuna mtu hata mmoja aliyekumbuka kunipa kiti. Baada ya miaka kumi na moja!

Wifi ameleta ujumbe kwamba Jumamosi ijayo tupike kangaja, yale machenza madogo. Nimemjibu vizuri. Kesho alfajiri nitakuwa kwa Bwana Mizani nichukue kangaja zote. Sababu nimeshaiandaa: za kusugulia madirisha.

Na kwa kuwa wifi anaweza kupita wakati wowote, mwiko nimeuficha. Mahali pazuri mno, ambapo hakuna atakayepafikiria. Safari hii sitaandika wapi. Shajara inaweza kusomwa na mtu.

Saa tatu, kitandani. Saa tatu na nusu nimeamka kuhakikisha mwiko upo. Haupo nilipodhani. Nimeangalia kabatini, nyuma ya jiko, ndani ya buti za mvua, ndani ya kasha la saa za wateja. Mume wangu anauliza natafuta nini. Nimesema naangalia vumbi. Akasema upande wake wa kitanda hauna vumbi, anaomba alale.

Hata kitanda chenyewe leo kina kitu kigumu, kirefu, kinanichoma mbavu kila nikigeuka. Godoro limechakaa, lazima tununue jingine. Nimelala saa sita na dakika ishirini.